Sola ya maji moto Ujerumani: asilimia 70 ya fundi na asilimia 30 ya serikali

Swali: "Mimi na mume wangu tumenunua nyumba ya mwaka 1978 karibu na Kassel, Ujerumani. Tuko watu 5, nyumba ina mita za mraba 140, boila ya gesi ni ya 2003. Mwaka jana tulitumia gesi kilowati-saa 24,000, kwa senti 11 kila moja. Fundi ametuletea makadirio ya euro 14,800: paneli za maji moto mita za mraba 12 zitakazosaidia pia kupasha nyumba, tangi la lita 800, na kazi yote. Boila inabaki. Anasema serikali inarudisha mpaka asilimia 70 na anataka tutie sahihi wiki hii. Ni kweli? Na vyumba vya juu vinachemka Julai na Agosti. Je, kuna msaada wa kupoza nyumba kwa jua?"

Dada, msitie sahihi karatasi hiyo kama ilivyo. Asilimia 70 imo kweli kwenye kanuni, ila si kwa kazi mliyoandikiwa. Kazi yenu inastahili asilimia 30, na itafika 60 kipato chenu kikiruhusu. Mkifunga mkataba wa kawaida kabla ya kuomba, mnaikosa hata hiyo 30.

Tangu 1 Januari 2024 ruzuku ya mitambo ya joto kwa wenye nyumba inatolewa na KfW, benki ya maendeleo ya serikali, kwa mpango namba 458. Zamani ilikuwa kazi ya BAFA, ofisi ya serikali kuu ya mambo ya uchumi, na ndiyo maana bado mtasikia watu wakiwaelekeza huko. Msingi ni asilimia 30 kwa anayeweka chanzo cha joto kisichotumia mafuta wala gesi, zikiwemo paneli za maji moto zinazokuja kumsaidia boila wa zamani. Juu yake kuna 20 ya kuharakisha mabadiliko, kwa mwenye nyumba anayeishi humo mwenyewe na anayeng'oa mtambo wa zamani ambao bado unafanya kazi. Kuna 30 nyingine ya kipato, na 5 kwa baadhi ya pampu za joto, yaani mashine za umeme zinazovuta joto la nje na kulileta ndani. Jumla ikizidi 70, inakatwa hapo.

Fundi wenu amekosea kwenye ile 20. Boila ya gesi inahesabika ikiwa na umri wa miaka 20 au zaidi, na yenu imetimiza. Lakini lazima ing'olewe na kutupwa kwa utaratibu, na baada ya hapo nyumba isipashwe tena kwa gesi wala mafuta. Yenu inabaki ukutani. Kwa hiyo hiyo 20 haiwahusu.

Ile 30 ya kipato ichunguzeni kwa makini, maana wengi hujitoa wenyewe bila sababu. Mpaka ni euro 40,000 kwa mwaka, lakini si mshahara ghafi. Ni kipato kinachotozwa kodi, kile kilichoandikwa "zu versteuerndes Einkommen" kwenye karatasi ya tathmini kutoka ofisi ya kodi, baada ya makato yote. Unahesabiwa wewe mwenye nyumba na mwenzi wako mnayeishi naye humo, na unachukuliwa wastani wa mwaka wa pili na wa tatu kabla ya ombi. Ukiomba mwaka 2026, zinatazamwa tathmini za 2023 na 2024. Kama mmoja wenu hakuwa kazini miaka hiyo, au alikuwa likizo ya uzazi, huenda mmo ndani ingawa leo mnapata zaidi. Na kama hamkupeleka taarifa za kodi miaka hiyo, anzeni na hilo, kwa sababu bila karatasi ya tathmini hakuna cha kuonyesha.

Kwa makadirio yenu, asilimia 30 ya 14,800 ni euro 4,440. Mkipata na ya kipato, ni 8,880. Kiwango cha juu cha gharama kinachohesabiwa kwa nyumba ya familia moja ni euro 30,000, hivyo hapo hamjagusa dari.

Sasa sahihi. KfW haitaki kazi ianze kabla ya ombi, na inahesabu kusaini mkataba usio na masharti kuwa ni kuanza. Wakati huohuo inataka muwe na mkataba mnapoomba. Watu wengi hukwama kwenye fumbo hilo. Dawa yake ni kifungu kimoja ndani ya mkataba, "aufschiebende Bedingung", yaani mkataba hauna nguvu mpaka KfW ikubali ruzuku. Kuna aina ya pili, "auflösende Bedingung": mkataba una nguvu lakini unavunjika ruzuku ikikataliwa. Ninyi chagueni ya kwanza. Lazima pia iandikwe tarehe inayotarajiwa ya kufanya kazi. Fundi akidai malipo ya awali ya vifaa kabla ya jibu la KfW, mkumbusheni kuwa mkataba bado umelala.

Kifungu kikishaandikwa, fundi mwenyewe au mtaalamu wa nishati aliyesajiliwa anajaza mtandaoni hati iitwayo BzA, uthibitisho wa kabla ya ombi, na kuwapa namba yake ya tarakimu 15. Kwa namba hiyo mnafungua akaunti kwenye tovuti ya "Meine KfW", mnaingiza mkataba na zile tathmini mbili, na kuwasilisha. Ombi analiwasilisha mwenye nyumba. Fundi akijitolea kuomba kwa jina lake, hajui utaratibu. Mkikubaliwa mna miezi 36 ya kumaliza kazi. Ikiisha, fundi anatoa hati ya pili, BnD, ya kuthibitisha kilichofungwa, nanyi mnapakia ankara na kuthibitisha utambulisho wenu. Msivuke miezi 6 tangu ankara ya mwisho. Pesa inakuja baada ya hapo, kwa hiyo fundi mnamlipa ninyi kwanza. Kama mfuko hautoshi, KfW ina mkopo wa nyongeza hadi euro 120,000 kwa nyumba, wenye riba nafuu zaidi kwa familia ambazo kipato chao cha kodi hakizidi euro 90,000, na unaombwa kupitia benki yenu mkishakuwa na barua ya ruzuku mkononi.

Na kama mlikwisha kusaini? Ruzuku imeondoka, lakini imebaki kodi. Kifungu cha 35c cha sheria ya kodi ya mapato kinaruhusu kupunguza asilimia 20 ya gharama kwa miaka mitatu: 7, 7, kisha 6. Kwa 14,800 ni euro 1,036 mara mbili na 888 mwaka wa tatu, jumla 2,960. Nyumba iwe na zaidi ya miaka 10, mwe mnaishi humo, fundi ajaze cheti cha fomu rasmi, na mlipe kwa benki, si taslimu. Angalieni jambo moja: punguzo haliwezi kuzidi kodi mnayodaiwa mwaka huo, na linalobaki halihamishiwi mwaka unaofuata. Huwezi kuchukua ruzuku na punguzo hili kwa kazi ileile.

Hayo ni makaratasi. Swali gumu zaidi ni kama mita 12 ndizo mnazohitaji.

Paneli za maji moto zina kazi mbili tofauti. Kuoga na kuosha vyombo kunahitaji joto lilelile mwaka mzima, na kiangazi jua linatosha kabisa, boila inazimwa. Kupasha nyumba ni kinyume, joto linatakiwa zaidi Desemba na Januari, miezi ambayo jua la Kassel ni dogo na liko chini. Kwa hiyo mita ya mraba ya maji ya kuoga tu huzalisha takriban kilowati-saa 350 hadi 450 kwa mwaka, na ileile ikiwa kwenye mfumo mkubwa wa kupasha nyumba hushuka hadi 250 au 350, kwa sababu kiangazi hakuna wa kulitumia joto lililozidi. Mkiweka 12 kwa wastani wa 300, mnapata kilowati-saa 3,600. Boila ya umri huo ikichukuliwa kuwa na ufanisi wa asilimia 85, hiyo ni gesi kama 4,200, karibu euro 460 kwa mwaka. Mkitoa ruzuku ya 30, mmebaki na 10,360 ya kulipa, sawa na miaka 22 hivi. Mkipata 60, ni miaka 13.

Linganisheni na mfumo wa maji moto tu. Watu 5 wanahitaji mita za mraba 6 za paneli bapa, mita moja na kidogo kwa kila mtu, na tangi la lita 400. Mita 6 kwa 400 ni 2,400. Boila ya zamani hupoteza zaidi kiangazi inapowaka na kuzima kwa ajili ya maji ya kuoga tu, hivyo gesi inayookolewa hufika kama 3,000, yaani euro 330. Tuseme fundi anadai 7,500: baada ya ruzuku ya 30 mnabaki na 5,250, miaka 16. Kwa ruzuku ya 60, miaka 9. Nusu ya paneli, lakini zaidi ya theluthi mbili ya faida. Kwa boila inayobaki, ningemwambia fundi alete makadirio mapya ya mfumo mdogo.

Mfumo mkubwa una mantiki pale boila inapoondoka. Boila yenu ina zaidi ya miaka 20, na siku ikifa katikati ya Januari mtanunua chochote kitakachopatikana. Mkiamua kuing'oa sasa na kuweka boila ya peleti za mbao pamoja na sola, ile 20 inarudi: 30 na 20 ni 50, na kwa kipato kinachoruhusu mnafika ile 70 ya fundi. Kwa mtambo wa euro 38,000 zinahesabiwa 30,000 tu, hivyo ruzuku ni 15,000 au 21,000. Kwa mbao, ile 20 haitolewi bila kuwepo sola au pampu ya joto ya kupasha maji, na hiyo sola lazima kimahesabu iweze kubeba maji moto yote ya nyumba. Paneli moja ya mapambo haikubaliki. Pampu ya joto peke yake inafika 50 au 55 bila sola, kabla ya kuongeza ile ya kipato. Ijaribuni nyumba kwanza: siku ya baridi kali, shusheni joto la maji yanayokwenda kwenye redieta hadi nyuzi 55. Vyumba vikibaki na joto zuri, nyumba inaifaa pampu.

Mkiendelea na sola, someni makadirio hayo mstari kwa mstari. Paneli ziwe na cheti cha Solar Keymark na mavuno ya angalau kilowati-saa 525 kwa mita kwa mwaka katika kipimo sanifu, la sivyo ruzuku haipo. Jukwaa la kupandia, kutoboa paa, mabomba, uhamishaji wa tangi la zamani, vyote vinahesabika kwenye ruzuku, kwa hiyo viwe ndani ya makadirio, visije baadaye kama "nyongeza". Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 19. Ile sifuri mnayoisikia ni ya paneli za umeme. Mfumo wa kupasha nyumba unadai pia kusawazisha maji kwenye redieta zote, "hydraulischer Abgleich", na kazi hiyo mafundi huisahau mpaka KfW iulize hati yake.

Pimeni mlango wa chini ya ardhi. Tangi la lita 800 bila koti lake lina kipenyo cha kama sentimita 79, limetengenezwa hivyo makusudi lipite mlango wa 80, lakini kona ya ngazi haijui habari hizo. Likijaa linakaribia tani moja. Na kwa nyumba ya 1978, ulizeni paa ni la nini. Mabati ya saruji ya zama zile mara nyingi yana asbesto, na ni marufuku kuyatoboa ili kufunga sola. Paa kama hilo hubadilishwa kwanza, na hapo hesabu yote inageuka.

Hitilafu za mifumo hii zinafanana nyumba hadi nyumba. Kubwa ni kwamba sola ikifa, boila inaficha msiba. Maji yanaendelea kutoka moto, bili tu ndiyo inapanda, na wenye nyumba hugundua baada ya miaka miwili. Dai mita ya joto kwenye mzunguko wa paneli, na andika namba yake kila mwezi. Mei hadi Agosti namba isiposogea, kuna pampu iliyokwama, sensa iliyochomoka, au hewa kwenye bomba.

Ya pili ni mipangilio. Fundi huiweka boila ipashe tangi zima hadi nyuzi 60 alfajiri, na jua likija saa nne linakuta tangi limejaa. Boila ipashe sehemu ya juu tu, na kwa saa maalumu, jioni ikibidi. Pampu ya kuzungusha maji moto kwenye mabomba ya nyumba ikiachwa usiku na mchana nayo huchanganya tabaka za tangi, maji ya vuguvugu kila mahali na moto hakuna popote. Ifungieni saa.

Ya tatu inawahusu hasa mkienda nyumbani likizo za Julai. Wiki tano nyumba haina mtu, tangi linafika nyuzi 90, kidhibiti kinazima pampu, na paneli juu ya paa zinapanda kuelekea nyuzi 200. Maji ya glaikoli, yaani yenye dawa ya kuzuia kuganda, yanayozunguka kwenye paneli yanageuka mvuke. Hilo peke yake si ajali, mfumo umeumbwa kulivumilia, mradi tangi la upanuzi liwe kubwa kiasi cha kupokea maji yote yanayosukumwa na mvuke. Likiwa dogo, vali ya usalama inafunguka, glaikoli inamwagika, na mnaporudi geji inasoma sifuri. Mita 12 zina hatari hii kuliko 6. Mwambieni fundi aandike hesabu ya tangi hilo, awashe kipengele cha likizo kwenye kidhibiti ili pampu irudishe joto juu ya paa usiku, na bomba la vali limiminikie kwenye kopo ili mjue kama kulitokea kitu. Paneli za kusaidia nyumba ziinuliwe zaidi, nyuzi 50 au 60, zipate jua la baridi na kulikwepa la Julai. Glaikoli iliyochemka mara nyingi huwa kahawia na chachu. Ipimwe kila mwaka, ikishuka chini ya pH 7 inakula mabomba, ibadilishwe.

Mengine ni madogo ila yana madhara. Kukikosekana vali ya kuzuia maji kurudi, usiku joto la tangi hupanda lenyewe hadi kwenye paneli baridi. Guseni bomba la paa saa nne usiku, likiwa moto mmeijua. Koti la bomba nje liwe la kuvumilia jua na midomo ya ndege. Na kwenye bomba la maji ya kuoga liwekwe kichanganyio cha joto, maana maji ya nyuzi 80 yanaunguza mtoto kwa sekunde.

Kupoza. Mpango wa 458 unataja kweli paneli za kuzalisha ubaridi, lakini teknolojia hiyo haiwafai. Mashine ya kupoza kwa maji moto inataka nyuzi 70 hadi 95, na kila kilowati ya joto inatoa takriban 0.65 ya ubaridi. Kwa kilowati 10 za kupoza mnahitaji 15 za joto, kiasi cha mita 30 za paneli saa za jua kali, pamoja na mnara wa kutupa nje joto la kilowati 25. Inakaa hotelini au ofisini.

Vyumba vya juu vinachemka kwa sababu jua linaingia dirishani kabla hamjalizuia. Vifuniko vya nje ya kioo, si pazia la ndani, vinapata ruzuku ya asilimia 15 kutoka BAFA, na 5 zaidi mkiwa na mpango wa ukarabati wa nyumba ulioandaliwa na mtaalamu wa nishati. Huyo mtaalamu kwa kazi hii ni lazima, fundi hawezi kuchukua nafasi yake. Ombi ni tofauti na la KfW, ila sharti la sahihi ni lilelile: kifungu kwanza, kalamu baadaye. Anzeni na madirisha ya paa na yale ya magharibi. Kama baada ya hapo bado hamlali, kiyoyozi kinachoendeshwa na paneli za umeme kitawapoza kwa paa dogo zaidi kuliko zile mita 30.